Kubadilisha ekzosi ya gari kwa fedha kidogo: gusa nyuma, acha mbele

Kila tunapozungumzia magari kwenye kipindi cha jioni, simu huingia za aina mbili. Ya kwanza hutoka kwa kijana aliyenunua Altezza au Subaru ya mtumba na anataka ingurume kama zile anazoziona kwenye video, lakini mfukoni hana fedha nyingi. Ya pili hutoka kwa mzee au mama anayeuliza ni lini ataacha kushtushwa usingizini na gari linalopita barabarani saa saba usiku.

Makala hii ni ya wote wawili. Tunaeleza ekzosi ni nini, kipi unaweza kubadilisha kwa gharama ndogo, na kipande gani usikubali kikatwe hata fundi akikuambia atakufanyia kazi bure.

Kwa nini magari haya mawili

Toyota Altezza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1998, ikapata tuzo ya Gari Bora la Mwaka nchini humo kwa msimu wa 1998 na 1999. Ilikuja kwa injini mbili. Moja ni ya silinda nne, 3S-GE, ambayo kwa gia za mkono ilitoa nguvu farasi 210. Nyingine ni ya silinda sita, 1G-FE, yenye nguvu farasi 160. Zote mbili zina ujazo wa lita mbili.

Subaru Impreza ilipata jina kwenye mbio. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya akiwa na Impreza, na wengi waliosimama kando ya barabara zile za vumbi hawakusahau mlio wake. Mlio huo wa Subaru za turbo za zamani hautokani na sailensa. Unatokana na injini ambayo silinda zake zimelala pande mbili, na mabomba ya kutolea moshi yenye urefu usiolingana. Moshi wa upande mmoja hufika mapema kuliko wa upande mwingine, ndiyo maana gari hugonga kama ngoma.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufahamu ni hili: kila injini ina sauti yake. Altezza haiwezi kulia kama Subaru hata ukiifunga bomba la ukubwa gani. Unachoweza kufanya ni kuitoa sauti yake yenyewe ikiwa nzito kidogo na safi.

Moshi unapita wapi

Lala chini ya gari likiwa limezimwa na limepoa, uangalie kuanzia mbele kwenda nyuma.

Mwanzo kabisa kuna manifodi, mabomba mafupi yaliyoshikana na injini, yanayokusanya moshi kutoka kila silinda. Karibu na hapo kuna sensa ya oksijeni, kitu kidogo kama plagi chenye waya. Sensa hii huiambia kompyuta ya gari kama mafuta yanayochomwa ni mengi au machache.

Kisha kuna kopo lililotuna ambalo mafundi huliita masega, kwa sababu ndani yake kuna vitundu vidogo vingi kama masega ya nyuki. Kwenye magari mengi, baada ya masega kuna sensa nyingine. Yanafuata bomba refu la katikati, kopo dogo linaloitwa resoneta, na mwisho nyuma kabisa kuna sailensa na mdomo wa bomba.

Sailensa na resoneta kazi yake ni kupunguza kelele. Masega kazi yake ni kusafisha moshi. Ni kazi mbili tofauti, na watu wengi huzichanganya.

Kelele si nguvu

Wengi huamini gari likilia zaidi limeongezeka nguvu. Si kweli. Kwenye gari lisilo na turbo, kubadilisha sailensa ya nyuma peke yake huleta nguvu farasi chache sana, na mara nyingi dereva hawezi kuzihisi. Anachohisi ni masikio yake.

Bomba kubwa kupita kiasi linaweza hata kulifanya gari kuwa zito kuondoka. Moshi wa moto ukiingia kwenye bomba pana mno hupunguza mwendo na kupoa, na mtiririko uliokuwa unasaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata unapotea. Utaliona hilo ukipanda mlima na abiria wanne.

Kwa Altezza ya lita mbili, bomba la kati ya inchi 2 na inchi 2 na nusu linatosha. Subaru yenye turbo inaweza kubeba inchi 2 na nusu hadi inchi 3. Fundi akikushauri inchi 3 kwa injini ndogo isiyo na turbo, muulize anataka kukuongezea nini.

Yaliyomkuta mwenzetu

Mmoja wa watangazaji wenzetu hapa studio ana Altezza ya silinda sita. Mwaka juzi aliipeleka gereji moja mjini akitaka sauti tu. Fundi akaingia chini, akagonga masega kwa spana, akatoka na jibu: "Hapa ndipo penye tatizo, kaka. Masega yameziba. Nikuyatoe, nikuwekee bomba moja kwa moja, na ufundi sikudai hata shilingi."

Mwenzetu alifurahi. Gari lilitoka likinguruma. Wiki ya pili taa ya injini ikawaka na haikuzima tena. Wiki ya nne tulisafiri nalo watu wanne kwenda kurekodi kipindi kijijini, mwendo wa saa tatu, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Tulifika wote vichwa vinatuuma, na mmoja wetu aliyekaa nyuma alitapika. Tulidhani ni chakula cha njiani. Wakati wa kurudi tulifungua vioo, na hakuna aliyeumwa.

Tulipolipeleka kwa fundi mwingine alituonyesha sehemu iliyounganishwa vibaya, chini kidogo ya kiti cha nyuma, imezungukwa na masizi meusi. Moshi ulikuwa unatoka pale na kuingia ndani kupitia tundu la sakafu lililopoteza kizibo chake cha raba. Tukauliza masega yako wapi. Akacheka. "Yaliuzwa siku ileile," alisema.

Kwa nini masega yanatafutwa sana

Ndani ya masega vile vitundu vimepakwa gramu chache za madini matatu: platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni madini ghali sana duniani. Mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu, ambayo ni kama gramu 31, ilifika zaidi ya dola 20,000 za Marekani, mara nyingi zaidi ya bei ya dhahabu.

Ndiyo maana kuna wanunuzi wa vyuma chakavu wanaozunguka gereji wakiulizia masega tu. Fundi anayekutolea masega "bure" amejilipa, na pengine amejilipa kuliko ambavyo ungemlipa wewe. Ukitaka kununua mengine mapya ya kiwandani, utagundua kwamba kile kilichotoka bure hakirudi bure.

Lakini je, masega hayazibi? Yanaziba, ila si mara nyingi kama inavyosemwa. Imani kwamba masega hayafai kwenye barabara zetu ina mzizi wake. Zamani petroli ilikuwa na madini ya risasi, na risasi huyafunika yale madini ya ndani mpaka masega yanakufa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Ushauri uliokuwa na mantiki kwa mafundi wa zamani umebaki midomoni, ingawa sababu yake imeondoka.

Dalili za masega yaliyoziba kweli ni hizi: gari linakosa pumzi mwendo unapoongezeka, moshi unatoka kwa unyonge nyuma, masega yanakuwa mekundu kwa joto usiku, au ukiyagonga yamepoa unasikia vipande vikicheza ndani. Fundi mwenye vifaa huchomoa sensa ya mbele na kufunga geji ya presha mahali pake. Geji ndiyo inayosema ukweli, si spana.

Na kama yameziba, uliza kwanza kilichoyaziba. Mara nyingi ni injini inayokula oili au plagi mbovu zinazoacha petroli iungulie kwenye bomba. Usipotibu hilo, hata masega mapya yatakufa.

Kama fedha ni ndogo, fuata mpangilio huu

1. *Ziba panapovuja.* Hili ndilo la bei rahisi kuliko yote na ndilo linalobadilisha sauti haraka. Gari likiwa limepoa, paka maji ya sabuni kwenye maungio yote, liwashe likiwa nje mahali pa wazi, kisha angalia panapotoa mapovu. Masizi meusi kwenye ungio pia ni ushahidi. Gasketi mpya na boliti mpya zinaweza kuondoa ule mlio wa kupasuka unaokera.

2. *Badilisha raba za kuning'inizia.* Raba zikichoka, bomba hucheza, hugonga sakafu, na maungio hupasuka. Ni vitu vidogo vya bei ndogo, lakini kwenye barabara zetu za makorongo ndivyo vinavyoamua ekzosi itadumu miaka mingapi.

3. *Badilisha sailensa ya nyuma tu.* Hapa ndipo ilipo sauti unayoitafuta. Sailensa ya kupitisha moja kwa moja ina bomba lenye matundu madogo ndani, limezungushiwa nyuzi za kioo au za chuma zinazomeza kelele. Hutoa mlio mzito bila kuwa kero. Sailensa za mtumba za Japani hupatikana kwenye maduka ya spea kama ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi. Kabla ya kulipa, itikise. Ikitoa sauti ya kitu kinachocheza, nyuzi au kuta za ndani zimeshakatika. Iangalie kwa chini, maana kutu huanzia pale maji yanapotuama.

4. *Acha resoneta mahali pake.* Wengi huitoa ili kuongeza kelele. Baadaye, wakiwa safarini, injini ikizunguka kati ya mara 2,000 na 3,000 kwa dakika, huanza mvumo ndani ya gari unaoumiza kichwa. Kwa safari ya saa nane huo mvumo si starehe.

5. *Usiguse masega wala sensa.* Sensa ya mbele ikikatwa au kuharibika, kompyuta inapoteza mwongozo na gari huanza kunywa mafuta. Ile fedha uliyookoa gereji utaiacha kituo cha mafuta, kidogo kidogo, kila wiki.

Kwa fundi wa kuchomelea

Si kila wilaya ina gereji ya ekzosi, na wengi wetu kazi hii tunampa fundi anayechomelea mageti na madirisha. Si vibaya, ila zungumza naye mambo manne.

Kwanza, asitumie bomba la maji lililopakwa zinki. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoweza kumletea fundi homa kali, kutetemeka na kifua kubana. Atumie bomba la chuma cha kawaida. Chuma kisichopata kutu hudumu zaidi, lakini huhitaji vifaa na ujuzi mwingine wa kuchomelea.

Pili, achomoe nyaya za betri kabla ya kuanza, na waya wa ardhi aufunge karibu kabisa na sehemu anayochomelea. Umeme ukipita njia ndefu kwenye bodi ya gari unaweza kuua sensa au kompyuta.

Tatu, bomba lipitie mbali na tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya. Kama anachomelea karibu na tangi, bomba lishushwe chini kabisa likachomelewe nje ya gari. Kwenye hili msiharakishe.

Nne, kona ziwe laini. Bomba likikunjwa kwa nguvu hujikunyata na njia ya moshi inakuwa nyembamba. Ni heri kununua kona iliyokunjwa tayari na kuiunganisha.

Na kabla ya yote, kubalianeni hivi mbele ya shahidi: bei ya bomba peke yake, bei ya sailensa peke yake, ufundi peke yake, na vipande vyote vya zamani unaondoka navyo.

Hewa isiyo na harufu

Kilichotuumiza vichwa safarini ni hewa ya ukaa monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka lakini haibebi pumzi ya kutosha. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Usingizi huo ndio unaoua, kwa sababu mtu hajui kwamba anakufa.

Masega mazima hupunguza sana hewa hii, lakini hayaimalizi, na injini ikiwa ya baridi hayajaanza kufanya kazi vizuri. Kwa hiyo usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa. Usimwache mtoto amelala ndani ya gari linalounguruma. Usisafiri na buti wazi umebeba mzigo, maana moshi huvutwa kurudi ndani. Mdomo wa bomba lako jipya utokeze nje kupita bampa, usiishie chini ya sakafu.

Abiria wawili au zaidi wakiumwa kichwa safari moja, simameni, zimeni gari, tokeni nje mpate hewa, na aliyelegea apelekwe hospitali mara moja.

Nyasi kavu

Masega yanapofanya kazi joto lake hupita nyuzi 400. Bomba jipya lililoning'inizwa chini kuliko la zamani, kwenye gari ambalo tayari limeshushwa, hugusa nyasi. Wakati wa kiangazi usiegeshe juu ya majani makavu au mabua, hata kwa dakika chache msibani au shambani. Ngao za bati zilizokuwa juu na chini ya masega zisitupwe. Ziliwekwa kwa sababu hiyo.

Sheria na jirani

Tanzania ina kanuni za mazingira za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, na Kenya ina za mwaka 2009. Askari wa usalama barabarani naye anaweza kukusimamisha kwa gari lisilofaa kuwa barabarani. Lakini kabla ya askari kuna jirani. Sauti ikiongezeka desibeli 10, sikio la binadamu huisikia kama imekuwa mara mbili. Ukipita kwenye kituo cha afya, shule au nyumba yenye msiba, ondoa mguu kwenye mafuta. Haikugharimu kitu.

Maswali mliyotuma

*Je, ile milio kama ya bastola inatoka wapi?* Ni petroli ambayo haikuungua kwenye injini, inawakia ndani ya bomba. Unalipia mafuta ili yapasuke nje ya injini, na masega huharibika upesi.

*Mimi ni bodaboda. Nikitoboa sailensa ya pikipiki nitapata mbio?* Hapana. Utapata kelele, na pikipiki ndogo inaweza hata kukosa nguvu kwenye mwinuko. Wewe mwenyewe ndiye uliye karibu na bomba siku nzima. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku inatosha kuanza kuharibu masikio.

*Masega yangu yalishatolewa. Nifanye nini?* Hakikisha hakuna panapovuja, ziba matundu yote ya sakafu, na ukipata fedha tafuta masega mazima ya gari la aina yako, yenye ushahidi wa yalikotoka. Mengi yanayouzwa bila maelezo yamekatwa kwenye gari la mtu mwingine.

Kwa kifupi

Ziba panapovuja, funga raba mpya, badilisha sailensa ya nyuma, na ishia hapo. Mwenzetu ndivyo alivyomalizia. Altezza yake sasa ina mlio mzito wa kistaarabu, taa ya injini imezima, na juzi tulisafiri nayo tena kwenda kurekodi. Vioo tulivifunga kwa ajili ya vumbi, na tulifika tukiwa wazima.

Ukiwa na swali kuhusu gari au pikipiki yako, tutumie ujumbe kwa namba ileile unayotutumia salamu. Tutalijibu hewani.